Wiki Ambayo Wote Walikuwa Banza

Kwanza niwape habari ya kisiwa, halafu tutafika kwenye saa zenu. Msinisukume. Nimestaafu juzi tu, na mtu aliyestaafu hapigiwi kengele.

Mjomba wangu wa Mulongo alikuwa amejenga nyumba juu ya nchi inayoelea. Mtu aliyezaliwa kwenye mabwawa yale anaijua nchi hiyo: ni mafunjo yaliyoshikana mizizi miaka na miaka, mpaka mtu anatembea juu yake, anawasha moto, anakausha samaki. Maji yakipanda, nchi yote inaanza safari. Mjomba alikifunga kisiwa chake kwa kamba kwenye mti wa nchi kavu, kama unavyofunga mbuzi. Asubuhi moja tuliamka kamba imekatika, tuko mbele ya kijiji cha watu tusiowajua, wanatutazama na miswaki yao mdomoni. Mjomba hakushangaa. Aliwasalimu, akawauliza kama wana chumvi. Tulikaa pale miezi mitatu.

Mimi sikuipenda ile. Nilitaka mahali ambapo nikilala hapa, niamke hapa. Nilisoma mpaka ya nne primaire, na mwalimu alitufundisha kwamba kuna watu wanaoishi kwa saa, yaani wanajua kazi inaanza wapi na inaishia wapi. Kwa mjomba kazi iliishia pale samaki walipokwisha, ao pale mkewe alipoanza kupiga kelele. Njo nikaenda Kamina nikiwa kijana, na mkoba mmoja na samaki wa kukausha wa kumpa mtu yeyote atakayenipa kazi.

Aliyewapokea wale samaki alikuwa Papa Kasongo, pointeur mkuu, yaani mwandishi wa saa za wafanyakazi, wa kiwanda cha kusaga mahindi. Alinusa mfuko, akasema, "Hawa ba Mulongo. Ninabajua ku harufu. Weye unajua kuhesabu?"

Nikasema ninajua.

"Hesabu ile magunia pale."

Nikahesabu, nikasema themanini na mbili.

"Iko themanini na moja. Ile ingine iko muntu, amejifunika gunia, iko nalala. Hauone miguu? Mu kazi ya pointeur, unatazama kwanza miguu."

Siku hiyohiyo nikaanza.

Ninyi leo mna mashine ya vidole pale mlangoni. Unaweka kidole, inalia, inaandika. Sina ugomvi nayo, ingawa wasaga unga vidole vyao haivisomi vizuri, na nimesikia Mama Chantal wa ofisini anawaambia waoshe mikono kabla ya kufika kazini, kama wanaenda kwenye komunyo. Wakati wetu kulikuwa na ubao wenye misumari na majeton, vipande vidogo vya chuma, kila mtu na namba yake. Ukiingia unatoa jeton upande wa kushoto, unaitundika kulia. Ukitoka unairudisha. Nje ya mlango kilitundikwa kipande cha reli ya treni, na pointeur alikipiga kwa nyundo: asubuhi, saa sita mchana, saa kumi ya kumaliza kazi. Sauti ile ilifika mpaka kwenye maghala ya stesheni. Wake wa maaskari wa base, waliokuja kununua pumba mlangoni petu, walikuwa wanapikia watoto kwa reli yetu.

Jeton namba moja ilikuwa ya Papa Kasongo mwenyewe. Alijipointi kama wengine wote. Sijaona mkubwa mwingine akifanya vile.

Bon, mliniuliza habari ya heures sup, saa za ziada, mnasema karatasi ya mshahara haisomeki. Nitawaambia kama nilivyofundishwa. Sheria ya kazi ya Serikali inasema wiki ni saa arobaini na tano. Sisi tulifanya nane kwa siku, tano siku ya posho, yaani jumamosi. Ukipita pale, saa sita za kwanza kila moja inalipwa na nyongeza ya thelathini kwa mia. Ukipita hizo sita, zinazofuata zina nyongeza ya sitini. Ukifanya kazi siku yako ya kupumzika, ni mara mbili, mia kwa mia. Ni hiyo tu. Mtu akikuletea maelezo marefu kuliko haya, tazama miguu yake.

Mimi nilishika zile namba siku moja, nikafikiri nimemaliza masomo. Papa Kasongo akaniuliza, "Ju ya nini saa ya saba inashinda ya sita?"

Nikasema, kwa sababu sheria inasema.

Akaninyang'anya kalamu. Wiki nzima nilibeba magunia pamoja na wengine, na jioni, kengele ikisha kulia, nikabaki nao. Siku mbili za kwanza nilicheka nao. Siku ya tatu sikucheka tena. Mpaka siku ya tano, ile saa ya mwisho, gunia lilikuwa gunia lile lile lakini mtu alikuwa mwingine; magoti yangu yalikuwa ya mzee niliyekuwa simjui. Papa Kasongo alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinitazama, anakula karanga.

"Sasa ju ya nini?"

"Papa, hii saa iko na mawe ndani."

"Eyo vidye," akasema, kama unavyomjibu chifu, kunicheka. Akanirudishia kalamu.

Alinifundisha mengine ambayo hayako kwenye sheria. Usiandike saa ukiwa umekaa, nenda ukaone. Anayesema amebeba mpaka jioni na hana unga kwenye shingo nyuma, huyo alilala. Mashine ikizimika kwa umeme, saa bado inaenda, kwa sababu aliyezima si mfanyakazi. Na usikopeshe kalamu yako kwa mkubwa.

Yeye mwenyewe hakuwa anaandika sana. Alipiga mistari, mitano mitano, kama uzio. Hesabu ya kwa mia aliniachia mimi. Mimi nilijivuna nayo vibaya.

Sasa niwaambie jambo la kubeba saa, maana wengi wenu hamkulikuta.

Sheria inampa mtu siku za kilio. Akifiwa na bibi wa ndoa, mtoto, baba ao mama, siku nne. Ndugu ao nyanya, siku mbili. Ni sheria nzuri, lakini haikuzaliwa kwetu. Karatasi inamjua mama aliyekuzaa, haimjui mama mdogo aliyekulea. Tena ukishuka Bukama kwa treni kuzika, wewe umepanga siku nne, treni haikupanga kitu.

Basi pale kiwandani kulikuwa na desturi. Mtu akichelewa kwenye kilio, wenzake walibaki baada ya kengele. Mmoja anarudisha jeton yake kushoto, kwamba ametoka, halafu anachukua jeton ya aliyefiwa, anaitundika kulia, anafanya saa moja kwa jina lake. Kesho anabeba mwingine. Yule aliyefiwa akirudi anakuta wiki yake imejaa. Na sharti lilikuwa moja: hataambiwa ni nani waliombebea. Hata bibi yake hataambiwa. Kwa vile hajui wa kumshukuru, analeta ndoo ya munkoyo, kila mtu anakunywa, basi, imekwisha. Hakuna anayemtazama mwenzake kwa jicho la "mimi nilikufanyia".

Pointeur peke yake njo alijua hesabu yote. Papa Kasongo hakuandika majina yao popote. Na alikuwa na kanuni yake: saa za kubebwa zikifika arobaini na tano, anafunga. "Muntu hayuko hapa," aliniambia. "Muntu hayuko hapa, hawezi kuchoka. Unamupa wiki yake, haumupe heures sup."

Directeur wa zamani alijua pia, akafumba macho. Wale wabebaji walikuwa wamemaliza wiki zao. Saa ile kwa majina yao ingekuwa na thelathini juu yake. Kwa jina la aliyefiwa ilikuwa saa ya kawaida. Huruma ya directeur ilikuwa inajua hesabu.

Nafika kwa Banza.

Banza alikuwa mshonaji wa midomo ya magunia. Alitembea na sindano ndefu imechomwa kwenye kofia, na uzi unaning'inia mpaka begani. Mtu wa kijiji cha Katoto, mpole, mwenye mzaha wa chini chini. Sidhani kama kuna mtu pale ambaye Banza hakumbebea. Mimi ninajua, nilikuwa pale kwenye ubao.

Ilikuwa msimu wa mahindi, malori ya Kaniama yamepanga mstari mpaka barabarani. Habari ikafika kwamba mama mdogo wake amekufa, yule aliyemlea toka akiwa mchanga. Akapanda treni. Na juma hilohilo Papa Kasongo alikuwa amelala na homa, ubao ukabaki mikononi mwangu.

Jioni ya kwanza walikuja saba. Wa kwanza akasema, "Pointeur, andika Banza. Leo minyi niko Banza."

"Na minyi pia."

"Weye hauwezi kuwa Banza, weye unashona kama unafunga kuku."

Kutoka hapo hakukuwa na jina lingine. Uingie ghalani ungesikia, "Banza, leta kamba," "Banza, toka mu njia," "Banza mukubwa, mwambie Banza mudogo aache kuimba." Mmoja aliweka sindano kwenye kofia, ikamchoma, wote wakalia kwa kicheko. Nimefanya kazi pale miaka mingi, na kama mkiniuliza ni wiki gani ningependa kurudishiwa, ni ile.

Siku ya ijumaa hesabu ilikuwa imefika arobaini na tano. Nilipaswa kufunga. Lakini pale mbele yangu walisimama wengine, tena wale ambao Banza alikuwa amewabebea kwenye vilio vyao, na walikuwa hawajapata zamu. Mtu mmoja mwenye mvi akaniambia polepole, "Mwana, hakuna muntu aliniambia, lakini najua alinibebea kilio ya mutoto wangu. Hauwezi kunifungia." Nikaona haya. Nikaandika. Mpaka posho jioni Banza alikuwa na saa hamsini na tisa.

Na hapa kosa langu likapata kosa la pili, kwa sababu nilikuwa ninajua sheria. Niliketi na kalamu nzuri, nikaandika: arobaini na tano za kawaida, sita kwa thelathini, nane kwa sitini. Nikapiga mstari chini kwa rula. Niliipenda ile karatasi. Ningeweza kuitundika nyumbani.

Banza akarudi, akaleta munkoyo, tukanywa. Papa Kasongo akapona, akarudi, hakutazama karatasi ya juma lililopita, aliniamini.

Kisha akaja Mama Inspecteur wa kazi, mkaguzi wa Serikali. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu, na hakukubali hata maji kabla ya kusoma. Alikuja kuona kama msimu wa mahindi haujawamaliza watu. Aliketi ofisini kwa Monsieur Yeremia, chef wa personnel, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi. Huyu alikuwa mtu wa familia ya kanisa, amesoma, anafunga tai hata wakati wa joto, na alikuwa na hofu ya directeur mpya kuliko hofu ya Mungu. Mimi na Papa Kasongo tulisimama ukutani.

Mama alifunua karatasi, akafunua, akaishia kwenye moja.

"Huyu Banza. Saa hamsini na tisa. Iko muzima?"

"Mzima, Mama," Monsieur Yeremia akasema.

"Muite. Nataka kumuuliza kama anajua haki yake ya soixante pour cent, ile sitini kwa mia."

Nilimtazama Papa Kasongo. Yeye alikuwa anaitazama ile karatasi yangu kwa mbali, na ninafikiri alikuwa anahesabu mistari yake mitano mitano kichwani. Alifika arobaini na tano, akaendelea. Nikaona pale alipofahamu. Hakunitazama.

Banza akaingia, akavua kofia na sindano yake.

"Papa," Mama Inspecteur akasema kwa wema, "ile wiki ulifanya kazi mingi sana."

Banza hakuwa mtu wa uongo. "Hapana, Mama. Ile wiki nilikuwa Katoto. Tulizika mama."

Kule nyuma mashine iliendelea kusaga. Monsieur Yeremia alisimama. "Basi huyu ni mwizi," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu. "Ameandikiwa saa na hakuwepo. Atatoka leo."

"Ngoja," Mama akasema. "Kazi ilifanyika ao haikufanyika?"

"Ilifanyika," Papa Kasongo akajibu. "Kila gunia."

"Na nani?"

"Na Banza."

"Banza alikuwa ku kilio."

"Walikuwa ba Banza mingi, Mama."

Mama akavua miwani. Nilidhani atakasirika, hakukasirika. Ninafikiri aliifahamu desturi yote kwa mara moja, labda kwao pia wanazika. Akasema, "Papa, nisikie. Saa iko ya ule aliyetoka jasho. Hawezi kuiuza, hawezi kuipeana, hata kwa ndugu. Tukikubali muntu apeane saa yake, kesho patron atasema bote wamepeana. Unafahamu? Nipe majina. Kila mumoja atalipwa saa yake na trente yake, ile thelathini kwa mia. Na huyu Banza hana kosa."

Alikuwa na haki. Ninawaambia leo, baada ya miaka hii yote: alikuwa na haki, na sheria ilikuwa upande wa wale waliobeba kuliko sisi tulivyokuwa. Ninyi msibebeane saa. Changeni, pikeni, nendeni kilioni. Saa yako iache kwa jina lako.

Lakini Banza alikuwa amesimama pale. Papa Kasongo akamwonyesha kwa kidevu. "Nikisema majina, ataingia pale ghalani kesho, na kila muntu atakayemuona, atajua. Watu arobaini. Hatapata munkoyo ya kutosha mpaka anakufa. Sitasema, Mama."

"Papa, sitaki kukuumiza."

"Najua."

Banza akasema, "Tutu, mukubwa wangu, acha. Nitaenda tu."

"Weye nyamaza. Watoto wako iko wangapi? Nyamaza."

Monsieur Yeremia alikuwa ameshachukua kalamu. "Kama hakuna majina," akasema, "yuko mtu mmoja wa kujibu. Banza, ama yule aliyeandika karatasi." Akaigeuza karatasi, na mwandiko wangu ukatutazama wote, mzuri, na mstari wa rula.

Sasa wadogo zangu, hapa njo nilikuwa ninakuja toka mwanzo na kisiwa changu: niliogopa kamba ikatike tena. Bibi yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi: mimi. Nilikuwa bado ninalitafuta pale Papa Kasongo alipolisema.

"Minyi. Minyi njo nilimwambia aandike."

Monsieur Yeremia alicheka kidogo. "Wewe, Kasongo? Soixante pour cent, wewe? Hujui hata kuiandika."

"Sijue. Njo ju ya ile nilimutuma." Akageukia kwangu mara ya kwanza. "Si nilikutuma, mwana?"

Wote walinitazama. Banza pia. Mama Inspecteur alikuwa ameshikilia miwani yake, na nilijua kwamba anajua.

Nikasema, "Ndiyo, Papa."

Papa Kasongo alitoka nje, akaenda kwenye ubao, akatoa jeton namba moja upande wa kulia, akaitundika kushoto, kwa utaratibu, kama mtu anayemaliza siku yake. Monsieur Yeremia akaanza kuandika kwamba pointeur mkuu amekosa na ameacha kazi, kwamba saa zote za Banza za wiki ile zinafutwa, na mshonaji anabaki kazini. Mama Inspecteur akamwambia aongeze kwamba saa hamsini na tisa zilifanywa na watu wasiojulikana, na zitatafutiwa wenyewe. Hazijapata wenyewe mpaka leo. Banza akarudi kwenye magunia, na kofia bado mkononi.

Nilitoka mbio kwenye kengele, maana saa sita ilikuwa imefika na hapakuwa na mwingine wa kuipiga. Papa Kasongo alikuwa amepita wale mama wa pumba, amewasalimu, amefika kwenye njia ya treni. Mtu yule, kila saa sita mchana tangu nilipomjua, popote alipokuwa, reli ikilia alisimama, akainua kichwa, akaangalia jua kuona kama kengele haikukosea.

Nikapiga kwa nguvu yangu yote. Kule ghalani wakaweka magunia chini. Wale mama wakawaita watoto wao. Yeye hakusimama. Alivuka reli, akashika barabara ya Kaniama pembeni mwa malori, mkono mmoja mfukoni, na hakurudi.